Wahamaji wa Ziwa Mweru na Wajibu wa Mlinzi wa Mpaka

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini askari wa zamu anayesimama mwaloni usiku wa manane, akiuona mtumbwi unakuja gizani bila taa, hana nafasi ya kutafakari methali. Yampasa aamue upesi: huyu ajaye ni mvuvi, ni mchuuzi, ni mkimbizi, au ni adui? Akikosea kwa upande mmoja, ameuingiza ubaya nchini. Akikosea kwa upande wa pili, amemdhulumu mtu asiye na hatia, tena pengine amemfanya adui mtu aliyekuwa rafiki.

Leo tunakusudia kulichambua swali hilo kwa mfano wa mahali pamoja, napo ni Nchelenge, katika Jimbo la Luapula nchini Zambia, kwenye mwambao wa Ziwa Mweru. Tumepachagua kwa sababu Zambia na Kongo ni jirani zetu, na yanayotokea Mweru hayatofautiani sana na yale ambayo vijana wetu wanayakuta Kigoma, Kasanga au Tunduma. Tena tumepachagua kwa sababu historia ya mwambao ule, tangu mwanzo hadi leo, ni historia ya watu waendao na kurudi.

Kwanza tuieleze nchi yenyewe. Mto Luapula huingia ziwani kutoka kusini. Upande wa kaskazini, karibu na mji wa Pweto ulio Kongo, maji hutoka kwa Mto Luvua na kwenda kuungana na Lualaba. Mpaka wa Zambia na Kongo hupita majini, mahali pasipo ukuta wala nguzo. Kisiwa cha Kilwa kiko upande wa Zambia, na mji uitwao Kilwa uko ng'ambo, upande wa Kongo. Nchelenge na soko lake la samaki la Kashikishi ziko kwenye mwambao wa mashariki. Watu wa pande hizi mbili huoana, huzikana, na kununuliana samaki, chumvi na unga.

Wenyeji wa bonde hilo hawasemi kwamba walichipuka hapo kama uyoga. Washila, Wabwile, Watabwa, Wachishinga na Walunda, kila kabila lina masimulizi ya safari yake. Walunda wa Mwata Kazembe walitoka magharibi, katika dola ya Mwata Yamvo, wakafika bonde la Luapula katika karne ya 18. Mpaka leo, kila mwaka mwezi wa Julai, hufanyika sherehe ya Mutomboko huko Mwansabombwe, ambako safari ile na ushindi ule hukumbukwa kwa ngoma. Kwa hiyo ufalme wenyewe unajivunia kuwa ulikuja kwa miguu.

Mapokeo ya wazee yanasimulia pia habari za mwanamke aitwaye Nachituti, dada wa Nkuba, mtawala wa Washila. Nkuba alimwua mwana wa dada yake. Nachituti akamwendea Kazembe kuomba kisasi, na Nkuba aliposhindwa, akampa Kazembe kapu la udongo na chungu cha maji, ishara ya ardhi na mito. Tunaikumbusha hadithi hiyo kwa sababu ya sheria iliyomo ndani yake. Mgeni aliyekuja na nguvu alitawala watu, lakini haki yake juu ya nchi aliipata kwa mkono wa mwenyeji. Na wale waliotangulia waliendelea kutambuliwa kuwa wenye ardhi na wenye mabwawa ya samaki.

Utaratibu huo wa mwenyeji ndio uliotumika kwa wasafiri wote. Mwaka 1802 wafanyabiashara wawili Waafrika waliotumwa na Wareno, Pedro João Baptista na Amaro José, waliondoka Angola kwenda Msumbiji. Walipofika kwa Kazembe walizuiliwa miaka kadhaa kabla ya kuruhusiwa kuendelea, nao wakafika Tete mwaka 1811. David Livingstone alipofika kwa Kazembe Novemba 1867, alimkuta huko Muhammad bin Saleh, mfanyabiashara wa Kiswahili aliyekuwa amezuiliwa kwa muda mrefu. Hatusemi kuwa Kazembe alikuwa mpole. Kumzuia mgeni miaka na miaka ni dhuluma. Tunalosema ni kwamba mfalme yule alimjua kila aliyeingia nchini mwake: alikotoka, mzigo aliobeba, na nyumba aliyolala.

Pale ambapo ulinzi huo ulilegea, athari yake ilikuwa kubwa. Katikati ya karne ya 19, Msiri, mtoto wa mfanyabiashara wa misafara kutoka Usumbwa katika Tanzania ya leo, alivuka Luapula akitafuta shaba na pembe za ndovu. Alipita kama mchuuzi. Baadaye aliimarika kwa bunduki, akaanzisha dola ya Garenganze yenye makao yake Bunkeya, na Kazembe akapoteza nguvu yake ng'ambo ya mto. Msiri naye aliuawa Desemba 1891 na msafara uliotumwa kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Basi ni kweli kwamba msafiri aweza kuwa hatari. Mlinzi anayesema hivyo hajakosea. Kosa huanza anapodhani kuwa hatari hiyo imo katika kusafiri kwenyewe.

Kosa hilo lilifanywa kwa ukamilifu na wakoloni. Mwaka 1894 Uingereza na Leopold walikubaliana mpaka upite Luapula na Mweru, na watu waliokuwa wa ziwa moja wakawa raia wa himaya mbili. Mwanzoni mwa karne ya 20, ugonjwa wa malale ulipoenea, utawala wa Kampuni ya British South Africa uliviondoa vijiji vilivyokuwa kandokando ya maji. Nia ya kuzuia ugonjwa ilikuwa na sababu yake. Lakini mvuvi aliyeondolewa majini ameondolewa chakula na mila kwa pamoja, na kadiri miaka ilivyopita watu walirudi kwenye maji yao. Wakati huohuo, migodi ya Katanga iliwahitaji vijana wale wale, na kampuni ya Union Minière ilipoanzishwa mwaka 1906, njia ya kuvuka Luapula ikawa njia ya vibarua. Kwa mantiki ya ukoloni, Mwafrika aliyesafiri kwa hiari yake alikuwa mtu wa kutiliwa shaka, na yule aliyesafiri kwa faida ya mgodi alikuwa mtu mwema.

Migodi ililisha vibarua wake kwa samaki wa ziwa hili. Wafanyabiashara Wagiriki waliweka makao Kasenga, upande wa Kongo, wakawa wananunua samaki na kuwapeleka Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Palikuwa na samaki aitwaye mpumbu, naye pia ni mhamaji: hupanda mto kwa makundi makubwa wakati wa kutaga mayai. Wavuvi walimngojea njiani na kumvua wakati ule ule wa kutaga. Kufikia mwisho wa miaka ya 1940 uvuvi wake ulikuwa umeporomoka. Hapo ndipo tunapoelewa maana ya msimu wa kufunga uvuvi, ambao nchini Zambia huanza tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari. Samaki apewe nafasi ya kupita salama, asije akatoweka.

Leo mvuvi wa Mweru huishi kwa kufuata samaki. Kuna miezi anakaa kijijini akilima muhogo, na kuna miezi anakwenda dago, kule visiwani au kwenye fuko za mbali, akilala kwenye kibanda cha nyasi. Wanawake huwafuata wavuvi kununua dagaa waitwao chisense, huwaanika juani, kisha husafiri nao hadi miji ya migodi. Ukimwuliza mtu wa namna hii makao yake ni wapi, atakutajia mahali patatu, na pote patakuwa pa kweli. Askari asiyemwelewa atasema, huyu anadanganya.

Pamoja na hao wapo wahalifu wa kweli. Wapo wanaovua kwa kutumpula, yaani kupiga maji kwa nguvu ili samaki wakimbilie nyavuni, ingawa sheria inakataza. Wapo wanaovusha unga wa mahindi kwa magendo kwenda Kongo wakati wananchi wa Zambia wenyewe wanauhitaji. Na zipo nyakati ambazo vita huvuka pamoja na watu. Desemba 2000, mji wa Pweto ulipotekwa na waasi waliosaidiwa na jeshi la Rwanda, maelfu ya raia walikimbilia Zambia, na miongoni mwao walikuwamo askari wenye silaha. Mlinzi wa upande wa Zambia alilazimika kufanya kazi mbili kwa wakati mmoja: kumnyang'anya silaha mwenye silaha, na kumpokea mama mwenye mtoto. Yeyote ambaye angeifanya moja na kuiacha ya pili angeiletea nchi yake msiba au aibu.

Tangu Agosti 2017 hali hiyo ilijirudia. Zaidi ya wakimbizi 10,000 kutoka majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika waliingia Zambia kupitia Chiengi. Walipokelewa kwanza katika kituo cha Kenani, na mwaka 2018 makazi ya Mantapala yakafunguliwa katika Wilaya ya Nchelenge, yakiwa na mpango wa wakimbizi na wenyeji kutumia huduma pamoja.

Inafaa tujiulize watu hao walikimbia nini. Baadhi yao walikimbia mapigano kati ya majeshi ya serikali na wanamgambo. Wengine walikimbia vita vya Watwa na Waluba vilivyoanza mwaka 2013. Watwa, ambao huitwa pia Mbilikimo, wameishi tangu kale kwa kuwinda na kuokota vyakula porini, wakihama kadiri msitu unavyowataka. Waluba wengi ni wakulima wenye vijiji. Kwa muda mrefu Watwa walidharauliwa na kufanyishwa kazi kwa ujira duni. Mwaka 2016 mapigano yalifufuka baada ya kutakiwa walipe kodi ya viwavi wanaowaokota kwa chakula. Mtu aliyetulia akaona kwamba anayehama hana haki, naye anayehama akachukua upinde. Moto ule uliwateketeza wote wawili, na moshi wake ukafika Nchelenge.

Tusidhani kwamba dharau hiyo ni ya Kongo peke yake. Mwaka 1824 Uingereza ilitunga Sheria ya Uzururaji, wakati ambapo barabara zake zilikuwa na maskini wengi. Miongoni mwao walikuwamo askari walioachishwa kazi baada ya vita vya Napoleon. Walioipigania nchi wakawa wahalifu kwa sababu hawakuwa na pa kulala! Vifungu vya namna hiyo viliingizwa katika kanuni za adhabu za makoloni mengi ya Uingereza, nasi tulivirithi. Hapa kwetu, wazee wanakumbuka Sheria ya Nguvu Kazi ya 1983, ambapo watu wasio na kazi ya kuonyesha walikusanywa mijini na kupelekwa vijijini. Lengo lilikuwa kuinua kilimo. Hata hivyo, wengi walirudi mjini, kwa kuwa kumhamisha mtu kwa nguvu hakumpi riziki.

Tarehe 4 Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni yake juu ya jambo hili. Ilisema kwamba sheria zinazomfanya mtu kuwa mhalifu kwa kukosa makao au kazi haziafikiani na Mkataba wa Afrika, na kwamba mataifa yana wajibu wa kuzirekebisha au kuzifuta. Kila polisi anapaswa kulifahamu jambo hili. Mtu hukamatwa kwa alilotenda. Hakamatwi kwa namna anavyoishi.

Basi mlinzi afanye nini usiku ule mwaloni? Kwa maoni yetu, maswali manne yatamsaidia kuliko kirungu. Mwenyeji wako ni nani hapa? Umetoka mwalo gani, na nani anakujua huko? Umebeba nini? Na kwa nini umekuja msimu huu? Mvuvi wa dago atayajibu bila kusita, na jibu lake laweza kuthibitishwa kwa mzee wa kijiji kabla ya jua kuchomoza. Mkimbizi hatakuwa na mwenyeji, lakini hatakuwa na la kuficha, naye apelekwe kwa wahusika wa wakimbizi. Mwenye bunduki chini ya nyavu, mwenye magendo na mpelelezi wa adui ndio watakaojikwaa. Lakini maswali haya hayana faida kwa askari asiyewajua wazee wa mialo, asiyejua samaki gani huvuliwa mwezi gani, na asiyesikia lugha ya watu anaowalinda.

Kuna jambo la mwisho, nalo ni zito kuliko yote. Mvuvi alalaye kisiwani ndiye wa kwanza kuiona mitumbwi ya wageni wenye silaha. Mchuuzi wa dagaa ndiye wa kwanza kusikia kwamba ng'ambo watu wameanza kufunga mizigo. Akitozwa chochote kila apitapo, akipigwa, akiitwa mzururaji, atafunga mdomo wake. Siku adui atakapokuja, askari atakuwa peke yake gizani. Akiheshimiwa, atakuja mwenyewe kutoa habari. Ndugu zetu askari na polisi, sisi wenyewe ni watu wa kuhama: leo kambi hii, kesho kikosi kile, na kila tulipofika tulipokelewa na wananchi wasiotujua. Tuwapokee na wengine kwa macho makali na kwa moyo wa haki.