Kibaraka Gani Huyu Afukuzwaye Mara Tano?

Wasomaji, mashtaka mmeyasikia: uungu wa Kristo ulibuniwa na siasa za Roma kwenye Mtaguso wa Nisea mwaka 325, na Athanasi wa Aleksandria ndiye aliyeupigania kwa niaba ya kaisari. Tuyapime moja baada ya jingine. Hukumu ni yenu.

La kwanza: kabla ya Nisea Wakristo walimwona Yesu kuwa mtu tu, hadi Kaisari Konstantino alipompandisha cheo. Basi tumwite shahidi asiye Mkristo. Mnamo mwaka 112 hivi, gavana Plinio alimwandikia Kaisari Trajano kwamba Wakristo hukutana kabla ya mapambazuko na kumwimbia Kristo kama mungu. Hiyo ni miaka 200 na ushei kabla ya Nisea. Hata Ario, padre aliyehukumiwa Nisea na anayesimamishwa kama shujaa wa hoja hii, anaikana. Yeye alifundisha kwamba Mwana ni kiumbe, lakini kiumbe kilichotangulia ulimwengu, na kupitia kwake vingine vyote vikaumbwa. Huyo si mtu tu. Wanaomtegemea Ario wangeanza kwa kumsoma.

La pili: imani hiyo ilipita kwa kura za kubanana, tena kwa shinikizo la kaisari. Kweli, Konstantino alishinikiza, na wapo waliotia sahihi shingo upande. Lakini waliokataa hadi mwisho ni maaskofu wawili tu, Theona na Sekundo, wote wa Libya. Kura gani hizo za kubanana? Naye Athanasi hakuwa na kura: alikuwa shemasi aliyefuatana na askofu wake, Aleksanda.

La tatu: hapo Nisea Athanasi alichagua vitabu vya Biblia na kutupa vingine. Kanuni 20 za mtaguso zipo. Zisome zote: zinahusu mapadre, maaskofu, toba, hata riba, wala hamna orodha ya vitabu. Athanasi alitaja vitabu 27 vya Agano Jipya katika barua yake ya Pasaka ya mwaka 367, miaka 42 baadaye. Ni kweli barua hiyo inakataza vitabu vingine, lakini ni ya askofu kwa waumini wake wa Misri. Haikuwa sheria ya dola.

La nne, lenye kubeba mengine yote: alikuwa kibaraka wa ikulu. Katika miaka 45 ya uaskofu wake, 328 hadi 373, alifukuzwa mara tano, na uhamishoni alikaa miaka kama 17. Wa kwanza kumfukuza ni Konstantino mwenyewe, aliyempeleka Trier. Kaisari huyo huyo alibatizwa akiwa kufani, mwaka 337, na Eusebi wa Nikomedia, mtetezi wa Ario. Mwanawe Konstansio alituma askari kanisani Aleksandria mwaka 356, Athanasi akiongoza mkesha, akaponyoka. Kisha Konstansio akawaandikia watawala wa Aksum, ufalme wa Ethiopia ya kale, wamrudishe askofu wao Frumensi akahojiwe, kwa kuwa aliwekwa wakfu na Athanasi. Ikulu inayomsaka kibaraka wake hadi Aksum ni ikulu ya ajabu.

La tano: alikuwa mkatili. Hapa tupambanue. Alishtakiwa kumuua Askofu Arsenio na kumkata mkono, na mkono wenyewe ukaonyeshwa. Arsenio akapatikana hai, mikono yote miwili ipo. Lakini kuna barua ya mwaka 335 kwenye mafunjo inayoeleza jinsi wafuasi wa Athanasi walivyowapiga Wameleti, kundi la Wakristo wa Misri waliojitenga. Shtaka hilo ni zito, na heshima ya utakatifu hailifuti. Hata hivyo, vurugu za wafuasi wake Misri hazithibitishi kwamba mafundisho yake yalitungwa ikulu.

Tazameni sasa mashtaka yanavyolana. Kama kaisari aliamuru, kura za kubanana zilitoka wapi? Kama Athanasi alikuwa mtu wake, nani alimfukuza? Kwa miongo kadhaa dola iliegemea upande wa wapinzani wa Nisea, na Nisea ikabaki. Anayetaka tuamini kwamba nguvu ya kaisari ndiyo iliyoamua imani, kwanza atueleze kwa nini nguvu hiyo ilishindwa.