TAHARIRI: Mpiga kinanda, punguza mzigo kwenye laptopu kabla haijakuaibisha jukwaani

Bi harusi alikuwa amefika katikati ya zulia. Wageni wamesimama, simu ziko juu, watoto wa maua wanatembea kwa mwendo ule wa kufundishwa. Mimi niko kwenye kinanda, natandaza piano na vayolini za kumpeleka hadi mbele. Hapo ndipo laptopu yangu ilipoanza kukohoa. Kra. Kra kra. Halafu kimya.

Bi harusi alimaliza safari yake kwa vigelegele vya akina mama, na Mungu awabariki, maana wao ndio walionisitiri siku hiyo.

Nililipwa nusu ya pesa tulizokubaliana. Sikuteta. Kilichoniuma zaidi ni kwamba aliyekuwa akipanga sherehe ile hajawahi kunipigia simu tena hadi leo.

Kwa miezi kadhaa nililaumu mashine. Ni ya mtumba, RAM ni gigabaiti 8, betri imechoka. Nikaanza hata kuchanga pesa za kununua nyingine. Kumbe shida ilikuwa mimi. Nilikuwa nimepakia rivabu tatu nzito, moja kwa kila sauti, na juu yake programu ya kung'arisha muziki ambayo maprodusa huitumia mwisho kabisa wa kazi ya studio. Nilienda harusini nikiwa nimebeba studio nzima mgongoni.

Msimamo wangu ni huu: kwa anayepiga kinanda laivu, programu nzuri ya efekti ni ile nyepesi, halali, na iliyojaribiwa nyumbani. Mengine yote yanakuja baada ya hayo matatu. Nasema hivi nikijua kwamba vijana wengi, kuanzia makanisa ya Kayole na Githurai hadi bendi za hoteli za Mombasa, wameweka riziki yao kwenye kinanda kimoja na laptopu moja. Ikikwama katikati ya wimbo, hakuna wa kuja kuiokoa.

Tuelewane kwanza kuhusu kinachotendeka ndani ya hiyo mashine. Sauti ya dijitali hupimwa mara nyingi kwa sekunde, kwa kawaida mara 44,100 au 48,000. Kompyuta haishughulikii kipimo kimoja kimoja. Hukusanya vipimo katika fungu linaloitwa bafa. Ukiweka bafa ya vipimo 256 kwenye kasi ya 48,000, kila fungu lina urefu wa milisekunde 5.3. Ndani ya muda huo laptopu lazima iwe imemaliza kazi zote: piano, vayolini, korasi, rivabu, kila kitu. Ikichelewa hata kidogo, spika hukosa cha kutoa. Hiyo ndiyo kra kra unayosikia.

Studioni kompyuta ikichelewa, unasubiri, unakunywa chai, unarudia. Jukwaani hakuna kurudia.

Wengine wakisikia kelele hizo hukimbilia kuongeza bafa. Ni kweli, bafa kubwa huipa mashine nafasi ya kupumua, ila vidole vyako ndivyo vinavyolipa. Ukipitisha sauti ya kinanda ndani ya laptopu na kuitoa tena, bafa huhesabiwa mara mbili, kuingia na kutoka. Kwa vipimo 256 hiyo ni kama milisekunde 10.7, kabla ya kuongeza muda wa draiva na kadi ya sauti. Sauti husafiri hewani takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hivyo ni kama umesimama mita 3.7 kutoka kwa spika. Hapo unaweza kuvumilia. Panda hadi vipimo 1,024 na utakuwa kama mtu anayejisikiliza akiwa zaidi ya mita 14. Jaribu kupiga sebene hivyo uone kama mpiga ngoma hatakukodolea macho.

Dawa basi ni kupunguza mzigo wenyewe. Na hapa ndipo wengi wetu hukosea, kwa sababu tunachagua programu kwa kutazama picha zake nzuri kwenye video za YouTube. Hatuulizi inakula kiasi gani cha prosesa.

Chukua rivabu, ule mwangwi unaofanya piano isikike kama iko ukumbini. Kuna aina mbili kuu. Ya kwanza hutumia rekodi ya jinsi ukumbi halisi unavyoitikia sauti, kisha hukokotoa kila unachopiga dhidi ya rekodi hiyo. Inapendeza, lakini mwangwi ukiwa mrefu hesabu huwa nyingi. Ya pili hutengeneza mwangwi kwa hesabu fupi za kuchelewesha sauti na kuirudisha ndani yake. Wazo hilo ni la kitambo. Manfred Schroeder wa Bell Labs alilichapisha mwanzoni mwa miaka ya 1960, enzi ambazo kompyuta iliyojaza chumba ilikuwa dhaifu kuliko mashine yako ya mtumba. Kwa kazi ya jukwaani, aina hii ya pili inatosha kabisa.

Jambo lingine ni mpangilio. Usiweke rivabu kwa kila sauti. Weka moja tu, halafu kila sauti itume kiasi chake huko, vile fundi wa mitambo hufanya kwenye miksa. Kama ulikuwa na tatu, umeondoa mbili kwa dakika moja na hakuna atakayejua. Pia achana na vifaa vya kung'arisha albamu. Baadhi yake husoma sauti mbele kidogo kabla ya kuitoa, na kusoma mbele kunamaanisha kukuchelewesha wewe.

Haya, tuje kwa majina, kwa sababu ushauri bila majina ni hewa.

Unahitaji kwanza programu ya kubeba plagini. Kwa Windows, Cantabile Lite ni ya bure na ilitengenezwa mahususi kwa wapigaji wa laivu. Carla pia ni ya bure na hufanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Reaper ina leseni ya dola 60 kwa mtu binafsi, kama Sh7,800 ukihesabu dola kwa Sh130, na unaruhusiwa kuijaribu siku 60 kwanza. Mwenye Mac anaweza kununua MainStage kwa dola 29.99, yaani kama Sh3,900.

Kwa rivabu, TAL-Reverb-4 na Dragonfly Reverb hazilipishwi. Valhalla Supermassive nayo ni ya bure tangu ilipotoka 2020, na inafaa ukitaka mwangwi mrefu wa kuabudu. Kwa korasi kuna TAL-Chorus-LX, iliyoiga korasi ya kinanda cha Roland Juno-60 cha 1982. Hubadilisha sauti kavu ya piano ya umeme papo hapo. Wapenzi wa ogani wana setBfree, yenye ogani na spika ya kuzunguka ya mtindo wa Leslie ndani yake. Kwa kusawazisha besi na ukali, kompresa na dilei, kifurushi cha ReaPlugs cha Windows ni cha bure pia. Na kama laptopu yako ya Windows haina kadi ya sauti ya nje, ASIO4ALL ni draiva ya bure inayoweza kukupunguzia ucheleweshaji.

Hesabu hapo: unaweza kupanda jukwaani bila kutoa hata shilingi moja ya programu, na bila kuiba.

Najua kuna msee anasoma hapa akisema, "Lakini vitu vya bure vinasikika vya bei rahisi." Nilikuwa nasema hivyo hivyo. Swali langu ni, vinasikika hivyo wapi? Ukivaa hedifoni chumbani saa sita usiku, ndiyo, utasikia tofauti kati ya mkia wa rivabu hii na ile. Sasa nenda kwenye ukumbi wa paa la mabati, wenye mwangwi wake ambao hukuuomba, mitambo imeunganishwa mono, watu 300 wanaongea na pilau inanukia. Huo mkia uliolala njaa ukiutafuta umemezwa kitambo. Mara nyingi ukumbi wenyewe unakudai upunguze rivabu, si uongeze.

Tena usidharau efekti zilizo ndani ya kinanda chenyewe. Rivabu na korasi zake haziguswi na prosesa ya laptopu hata kidogo. Kama zinakutosha, zitumie, na uiachie laptopu kile ambacho kinanda hakiwezi.

Sisemi programu nzito ni mbaya. Zina mahali pake, na mahali hapo ni studioni, ambapo unaweza kurekodi, kugandisha sauti na kuendelea na nyingine. Kosa ni kulazimisha kifaa cha studio kifanye kazi ya jukwaani.

Sasa tuzungumzie lile tunaloliogopa. Programu nyingi nzito tunazotamba nazo ni za wizi. Zimetoka kwa flashi ya jamaa, aliyezitoa kwa jamaa mwingine, na hakuna anayejua nani alizifungua kufuli wala aliongeza nini ndani. Wengine huambiwa wazime kinga ya virusi ndipo ziingie, nao wanazima! Kisha tunashangaa laptopu ikianza kuwa nzito yenyewe. Programu ya aina hiyo haipati masasisho, na ikikugomea siku ya shoo huna wa kumuuliza.

Halafu kuna suala la haki. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda nyimbo zetu. Sisi ndio tunaopiga kelele kila mwaka kuhusu mirabaha na watu wanaopakua kazi zetu bila kulipa. Tutapiga kelele hizo kwa uso gani ilhali laptopu zimejaa jasho la mtu mwingine ambalo hatukulilipia? Miaka ya nyuma ungeweza kujitetea kwamba hakuna njia nyingine. Leo njia ipo, na haina malipo.

Ukishachagua, jaribu. Si dakika tano. Panga nyimbo zote za shoo na upige kwa saa mbili mfululizo nyumbani, na sauti zote zikiwa wazi. Tazama kipimo cha prosesa ukiwa umebonyeza noti nyingi pamoja na pedali iko chini, kwa sababu hapo ndipo mzigo hupanda. Kanuni yangu mimi ni kwamba kikipita nusu, kuna kitu kinatoka. Zima WiFi, Bluetooth na masasisho. Chomeka chaja, maana laptopu nyingi hupunguza kasi zikiwa kwa betri. Kwa Windows, programu ya bure iitwayo LatencyMon itakuonyesha draiva inayovuruga sauti. Na siku ya kazi usipakie kitu kipya. Hata kama ni kizuri vipi, kingoje Jumatatu.

La mwisho kabisa, acha waya mmoja ukitoka moja kwa moja kwenye kinanda hadi kwenye miksa, na sauti ya piano ya kinanda ikiwa tayari. Laptopu ikilala, unageuza kitufe na bi harusi anaendelea kutembea. Waya huo ungeniokolea jina langu.

Na nyinyi mnaotuajiri, wapangaji wa harusi, viongozi wa sifa, mameneja wa hoteli, nawaomba kitu kimoja: mtupe muda wa kupima sauti. Mpigaji anayefika saa tatu na kuambiwa ibada inaanza saa tatu na dakika tano hawezi kujua kama mpangilio wake utahimili ukumbi huo. Nusu saa ya kupima haigharimu chochote. Kimya katikati ya zulia kinagharimu mengi.

Wahenga walisema mtaka yote hukosa yote. Mimi nilitaka sauti za filamu harusini, nikakosa hata piano. Siku hizi nina rivabu moja, korasi moja, kisawazishi kimoja, na ile ile laptopu ya mtumba niliyotaka kuiuza. Wageni hawajawahi kuniuliza natumia programu gani. Wao wanacheza, na mimi nalipwa pesa zangu zote.

Leo jioni fungua mpangilio wako, ondoa plagini moja ambayo hujui iko hapo kwa nini, kisha upige wimbo mzima. Ukiona hujakosa chochote, ondoa nyingine.