Mtego Ndiyo, Sumu La!

Muhula uliopita chama chetu cha Kiswahili kiliandaa mdahalo juu ya hoja hii: "Uwindaji wa ndege upigwe marufuku kabisa." Mimi nilikuwa upande wa wapinzani, na tulishindwa vibaya. Kila mtetezi alipotaja neno "mazingira" ukumbi mzima ulipiga makofi. Tangu siku ile jambo hili halijanitoka moyoni. Ndugu msomaji, niruhusu niseme hapa yale niliyokosa dakika za kuyasema pale.

Kwanza nisikufiche: mimi ni mtegaji. Babu alinifundisha kutega kware nilipokuwa darasa la nne. Kware huyu, ambaye Wajaluo humwita aluru na Waluhya isindu, huja kwetu magharibi pamoja na mvua. Babu husimamisha mti mrefu kando ya shamba, akaning'iniza vitundu alivyosuka kwa mkono wake, kimoja juu ya kingine, na kila kitundu kina kware wake ndani. Alfajiri hao wa vitunduni huanza kuita. Wa porini husikia, wakaja mbio kupitia nyasini, na huko chini vitanzi vinawangoja. Asubuhi njema tunapata sita au saba. Asubuhi nyingine hatupati hata unyoya, tunakunywa strungi na mimi nashika njia ya shule.

Kazi hii inataka subira. Wale wa vitunduni lazima walishwe mwaka mzima, kuwe na mvua kusiwe. Tena akinaswa jike wakati wa mayai, babu humfungua akamwacha aende zake. Nilipokuwa mdogo nilinung'unika sana kuona nyama ikitoroka hivi hivi! Siku hizi naelewa. Mtegaji humshika ndege angali hai, humtazama, kisha huamua.

Sasa tutazame upande wa pili. Kule Bunyala, kwenye mashamba ya mpunga ya kaunti ya Busia, watafiti walikuta watu wakiwinda kwa kabofurani, dawa ya kuua wadudu wa mimea. Mchele hutiwa sumu hiyo kwa ajili ya hua na tetere, na konokono hutiwa kwa ajili ya korongo. Ndege akila hulegea, hushindwa kuruka, naye mwindaji huwaokota kama anayeokota maembe. Halafu jameni, ndege hao huuzwa, wakaliwa! Mwaka 2009, baada ya simba kuuawa humu nchini kwa sumu hiyo hiyo, kampuni iliyoitengeneza ilianza kuiondoa madukani. Lakini hata baadaye ndege waliendelea kuokotwa Bunyala.

Kabofurani hushambulia neva, na ikizidi mwilini hukatiza pumzi. Haichagui. Humuua hua, humuua mwewe aliyemla hua, na mbwa aliyeokota mabaki.

Mwaka jana nilinunua tetere wanne sokoni, wamefungwa miguu pamoja. Walikuwa wamekwisha kufa, na hawakuwa na jeraha la manati wala alama ya kitanzi. Nilipofika nao nyumbani babu aliwageuza geuza, akauliza, "Hawa wamekufa kwa nini?" Sikuwa na jibu. Aliwazika nyuma ya choo, pesa zangu za nauli zikaenda nao. Nilikasirika siku mbili nzima. Lakini hebu fikiria, kama babu asingeuliza, mdogo wangu wa miaka mitano angekula yule wa kwanza.

Wenzangu wa upande wa pili walisema kwamba watu wakiachiwa watawamaliza ndege wote. Hapo wana ukweli, na siku ile nilikataa kuukubali kwa sababu ya ubishi tu. Marekani kulikuwa na njiwa msafiri, mabilioni kwa mabilioni, akawindwa mpaka wa mwisho, aitwaye Martha, akafa kizuizini huko Cincinnati mwaka 1914. Kwa ndege kama kwale wa Jackson wa misitu ya Aberdare na Mlima Kenya, au kororo wa Arabuko-Sokoke, hata mimi napiga kura ya marufuku kabisa.

Lakini sheria yetu yenyewe iliwahi kutofautisha. Uwindaji wa wanyama ulipopigwa marufuku mwaka 1977, ndege kama kanga, kware na hua waliachwa wawindwe kwa leseni. Na pale watu walipopagawa na mayai ya kware, mwaka 2013 na 2014, kabla bei haijaanguka, KWS ilisisitiza kila mfugaji awe na leseni. Babu hana hata moja. Ndiyo, walimu wangu, najua! Lakini ofisi ya leseni iko mbali, na hakuna aliyewahi kufika kijijini kumweleza utaratibu. Afisa akija, babu atamkaribisha kiti, na nadhani wataelewana kuhusu idadi na kuhusu miezi ya kufunga mitego. Muuza sumu hataki kuonana na afisa yeyote.

Kwa hivyo namwomba katibu wa chama airudishe hoja hii muhula ujao, ila aibadilishe iwe: "Anayewinda ndege kwa sumu ashtakiwe kama anayewalisha watu sumu." Nitaomba kuwa mtetezi, na nitakuja na kitundu cha babu.