Nyumba Chini ya Uwanja
Kuna wimbo katika albamu ya mwanamuziki Ry Cooder, Chávez Ravine, ambao kila nikiusikiliza huacha ninachofanya. Msimulizi ni mtu anayeegesha magari usiku katika uwanja wa besiboli wa Los Angeles, na mahali wachezaji wanapokimbilia kituo cha tatu ndipo palipokuwa kwao. Albamu ilitoka mwaka 2005, lakini kidonda ni cha zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, familia zenye asili ya Meksiko katika vitongoji vya La Loma, Palo Verde na Bishop, vilivyokuwa Chávez Ravine, ziliambiwa ziuze nyumba zao, zipishe makazi mapya ya umma, nazo zingepewa kipaumbele cha kurudi. Makazi hayakujengwa. Hofu ya ukomunisti iliuua mradi, na Frank Wilkinson, ofisa aliyeupigania, akapoteza kazi. Mwaka 1959 familia za mwisho zilitolewa kwa nguvu. Mwaka 1962 uwanja ukafunguliwa mahali hapo. Cooder angeweza kuimba peke yake, na ingekuwa albamu ya majonzi tu. Badala yake aliwaita wakongwe wa muziki wa Kimeksiko wa Los Angeles, akiwemo Lalo Guerrero, na Kihispania kikatawala nyimbo kadhaa. Hapo ndipo ninapomheshimu zaidi: mji uliobomolewa umesimuliwa kwa lugha yake, pamoja na dansi zake na mbwembwe za vijana wake. Guerrero alifariki Machi 2005, miezi michache kabla albamu haijatoka. Sauti yake iliwahi.