Daraja si Hatua: Kuisoma Ripoti ya Saratani ya Titi
Kinachowachanganya wagonjwa wengi wanaokabidhiwa ripoti ya patholojia, yaani majibu ya uchunguzi wa kinyama kilichotolewa kwenye titi, ni kudhani kwamba daraja na hatua ni kitu kimoja, ilhali daraja, linaloandikwa 1 hadi 3, hueleza jinsi seli zinavyoonekana chini ya hadubini, na hatua hueleza ukubwa wa uvimbe na umbali ambao saratani imefika mwilini. Mwanamke mwenye daraja la 3 anaweza kuwa bado katika hatua ya 1, na ni dhuluma kumwacha akilia koridoni kwa kukosa maelezo hayo.

Mstari wenye uzito zaidi ni wa vipokezi vya homoni, yaani protini zinazopokea estrojeni na projesteroni: vikiwapo, tamoksifeni, kidonge kinachomezwa kila siku kwa miaka 5 au zaidi, hupunguza hatari ya saratani kurudi. Hata chupa ya fomalini, dawa ya kuhifadhia kinyama, ina neno lake, kwani kinyama kikicheleweshwa kutiwa humo, au kikikaa chini ya saa 6, vipokezi vilivyopo huweza kusomeka kuwa havipo, na mgonjwa akakosa dawa iliyomfaa.