Shukrani Si Kishika Uchumba

Kila muumini aliyevuka miaka thelathini bila kuoa wala kuolewa ameshaambiwa maneno haya, kama si kanisani basi kwenye ibada ya jumuiya, au jikoni kwa shangazi wakati wa kumenya ndizi: "Wewe mshukuru Mungu kwa hapo ulipo, naye atakufungulia mlango." Wanaoyasema wana nia njema. Wengi ni watu waliotulea, na wanatuombea kwa machozi ya kweli. Lakini ndani ya maneno hayo mna mpango: shukuru sasa ili upewe mume, onyesha kwamba umeridhika ili uonekane umeiva. Shukrani inafanywa kishika uchumba, kitu cha kutanguliza ili mwenye nyumba aikubali posa. Nasema mpango huo ni wa makosa, na unamwumiza mseja mahali ambapo imani ilipaswa kumponya.

Chukua mwanamke aliyeanza kushukuru kwa namna hiyo akiwa na miaka 29. Akifika 45, na aliyebisha hodi hayupo, ushauri ule unamwachia majibu mawili tu: ama Mungu hakutimiza, ama shukrani zake zilikuwa na kasoro. Jibu la kwanza linamtoa kanisani taratibu, Jumapili baada ya Jumapili. La pili linambakiza ndani huku likimla: anafunga, anajichunguza, anapelekwa kuombewa afunguliwe laana za ukoo, na kila mtu anatafuta kosa kwa mtu ambaye hajakosa. Majibu yote mawili ni ya uongo. Fundisho lisiloweza kumfikisha mtu salama kwenye miaka 45 tusimfundishe aliye na 29.

Fundisho hilo halikutoka kwenye Maandiko. Limetokana zaidi na ratiba zetu za ibada. Tazama ni mambo gani humsimamisha mtu mbele ya usharika. Ndoa hutangazwa Jumapili tatu mfululizo. Mtoto akizaliwa, wazazi huleta sadaka ya shukrani. Nyumba ikiezekwa, mgonjwa akipona, kijana akifaulu mtihani, kwaya hupokea wimbo na ndugu hutoka kwenye viti vyao wakimsindikiza mwenye furaha hadi madhabahuni. Ni jambo zuri, na sitaki lipunguzwe hata kidogo. Ila limetuzoesha, bila mtu kukusudia, kuona kwamba shukrani haiji mpaka pawe na tukio, na kwamba matukio yenye uzito hupitia mlango wa ndoa. Mseja wa miaka 38 anaweza kumaliza mwaka bila jambo hata moja ambalo mchungaji angelitangaza. Kwenye vikundi bado amehesabiwa na vijana, wakati wenzake aliopata nao kipaimara wako kwa akina mama na akina baba. Kadi za michango ya harusi zinamfikia kama zinavyowafikia wengine, zimeandikwa kiwango cha singo na kiwango cha dabo, naye anajua ni mstari upi unaomhusu. Anachanga kwa moyo, kwa sababu mchango ni upendo. Lakini mwaka mzima amekuwa upande wa wanaopongeza, na watu wanahitimisha kwamba kwake kilichobaki ni subira tu. Subira huvuta heri, wanamwambia. Haiwapitii akilini kwamba heri anayo tayari, na hakuna aliyemwuliza juu yake.

Nirudi kwenye Biblia, maana ndiyo inayotajwa kila ushauri huu unapotolewa. Agizo la kushukuru katika kila jambo limo katika waraka wa kwanza kwa Wathesalonike, mojawapo ya maandiko ya Kikristo ya zamani kabisa, ulioandikwa yapata mwaka 50 au 51. Aliyeuandika, mtume Paulo, hakuwa na mke, na alipowaandikia Wakorintho hakulificha jambo hilo wala hakuliombea radhi. Basi mtume aliyetufundisha kushukuru alikuwa mseja, na shukrani zake hazikuwa na harusi yoyote mbele yake.

Tazama pia anashukuru kwa ajili ya nini. Nyaraka zake nyingi hufunguka kwa shukrani (ule kwa Wagalatia ni miongoni mwa zinazokosa, maana alikuwa amewakasirikia), na kinachomfanya ashukuru, mara nyingi, ni watu. Sura ya mwisho ya Warumi, ile ambayo wahubiri huiruka kwa kuwa ni majina matupu, ina watu zaidi ya ishirini aliowataja mmojammoja. Yumo Fibi wa Kenkrea, aliyewasaidia wengi, Paulo mwenyewe akiwamo. Wamo Priska na Akila, mke na mume, mafundi wa mahema, waliohatarisha maisha yao kwa ajili yake; hao anawashukuru waziwazi, kwa niaba yake na ya makanisa yote ya Mataifa. Yumo Persisi aliyefanya kazi kwa bidii. Na yumo mama yake Rufo, ambaye Paulo anamwita mama yake pia. Huyu ni mtu asiye na mke wala mtoto wa kumzaa, anaandika kwenda mji ambao hajawahi kuukanyaga, na huko tayari ana mama. Kila ninapoisoma sura hiyo naona kwamba mseja wa imani hakuachwa bila cha kushukuria. Anacho, nacho kina majina.

Yupo na Ana, binti Fanueli, katika Injili ya Luka. Aliishi na mumewe miaka saba, kisha akawa mjane hadi umri wa miaka 84, na maisha yake yalikuwa hekaluni. Siku Mariamu na Yosefu walipomleta mtoto, Ana alifika saa ileile akamshukuru Mungu. Alishukuru kwa ajili ya mtoto aliyepakatwa na mwanamke mwingine. Hakuna aliyemgeukia kumwambia kwamba na yeye zamu yake inakuja, kwa sababu haikuwa inakuja, na furaha yake haikuingoja. Leo dada asiyeolewa akimbeba mtoto wa rafiki yake baada ya ubatizo, hamalizi dakika mbili bila kuombewa wa kwake. Furaha aliyokuwa nayo, iliyokuwa kamili, inageuzwa kuwa upungufu mbele ya macho yake.

Majirani zetu Waislamu wana lao, kwamba ndoa ni nusu ya dini, na wasioolewa pwani wanalisikia kama sisi tunavyosikia letu. Hata huko historia ni pana kuliko msemo. Imam Nawawi, aliyezaliwa Nawa, Syria, mwaka 1233 na kufariki mwaka 1277, hakuoa. Hadithi Arubaini alizozikusanya huhifadhiwa na watoto wa madrasa kote pwani yetu, na Riyadhu Swalihina yake husomwa misikitini. Katika karne ya 20 mwanachuoni wa Halab, Abdul Fattah Abu Ghudda, alitunga kitabu kizima juu ya maulamaa walioitanguliza elimu mbele ya ndoa, na Nawawi ni mmoja wao. Sijamsikia shehe akisema mtu huyo alibaki na nusu.

Ushauri ule una ndugu yake, na huyo ni mbaya zaidi kwa sababu anakuja na sura ya faraja. "Shukuru hujaolewa na mlevi. Ungeyajua yanayompata fulani ndani ya nyumba ile, usingetamani." Nimeusikia kwa watu wa ndoa na nimeusikia kwa waseja wenzangu, wakiutumia kujiliwaza usiku wa Jumamosi. Hebu tukumbuke ni nani katika Injili aliyeshukuru kwa kumtazama jirani. Ni Farisayo wa Luka 18, aliyesimama hekaluni akamshukuru Mungu kwamba hakuwa kama watu wengine, wala kama mtoza ushuru aliyekuwa nyuma yake. Sala yake ilianza kwa shukrani, na Yesu akasema aliyerudi nyumbani amehesabiwa haki ni yule mwingine. Mwanamke anayepigwa na mumewe anahitaji mtu wa kumhifadhi na kumsindikiza polisi. Maumivu yake yasigeuzwe dawa ya kunituliza mimi. Shukrani inayohitaji mtu aumie ili isimame ni afadhali ikaanguka.

Kuna pingamizi lililo zito, nalo nalichukua kwa uzito wake. Mseja, wanasema, akishazoea kushukuru ataizoea na hali yenyewe. Ataacha kutafuta, ataacha kuomba. Lakini mama mwenye mtoto mmoja akimshukuru Mungu kwa mtoto huyo, hakuna anayemshuku kwamba amemkataa wa pili. Mfanyakazi akishukuru kwa mshahara, hakuna anayedhani hataki kupandishwa cheo. Ni kwa mseja tu ambapo shukrani na haja vinadhaniwa haviwezi kukaa chumba kimoja. Vinaweza. Mimi naviweka pamoja kila siku. Naomba ninachokiomba, na nashukuru kwa nilicho nacho, wala sala moja haiifuti nyingine.

Nilicho nacho ni nini? Hapa watu hutarajia mambo makubwa, na ukweli ni mambo ya kawaida kabisa. Ni nyumba ya wapangaji, milango ikitazamana kwenye korido, na jirani anayekusikia ukikohoa usiku akagonga alfajiri na uji wa moto bila kuulizwa. Ni kuweza kwenda hospitali kukaa na mama mzee wa jumuiya hadi saa za kuona wagonjwa ziishe, kwa kuwa nyumbani hakuna anayengoja chakula. Ni mtoto wa dada aliyejifunza kusoma kwenye meza yako. Ni mnada wa sadaka baada ya ibada, ambapo mayai na mikungu ya ndizi hunadiwa chini ya mti, na wewe unanunua kuku usiyemhitaji ili usharika upate mabati, kisha unampa mwenye watoto wengi. Mambo haya hayatangazwi madhabahuni. Lakini ukiyaondoa, kanisa lenyewe halisimami wiki mbili.

Karibu kila ukoo ninaoufahamu una shangazi, mama mdogo au baba mdogo ambaye hakufunga ndoa, na ada za shule za watoto wengi zimepita mkononi mwake. Nalisema hili kwa tahadhari. Wako wanaolitumia kumgeuza mseja mfuko wa ukoo: hana majukumu, atatoa. Majukumu anayo. Ana kodi ya miezi sita mbele, ana wazazi, ana uzee wake wa kuuwekea akiba bila mwenzi wa kusaidiana naye. Anaposhukuru kwa nafasi ya kuwalea watoto wa nduguze, shukrani hiyo ni yake. Ndugu hawana ruhusa ya kuigeuza hati ya kumdai.

Wala simwambii mtu ashukuru juu ya upweke wake kana kwamba ni zawadi. Homa inayokupata saa nane usiku, maji yameisha kwenye ndoo na simu haina salio, ni jambo baya, na kuliita baraka ni kumsingizia Mungu. Paulo aliagiza kushukuru katika kila jambo. Hakusema kila jambo ni jema. Kitabu cha Zaburi kimejaa shukrani, na ndani yake kuna Zaburi ya 88, ambayo inaanza kwa kilio na kuishia gizani bila neno moja la ushindi. Waliokikusanya kitabu hawakuitoa. Hawakuifungia nje ya ibada wala hawakumtaka mwenye kilio aongeze mstari wa sifa mwishoni ili wasikilizaji wajisikie vizuri. Mseja anayeruhusiwa kulia kanisani bila kupewa tarehe ya harusi kama jibu, huyo ndiye ambaye shukrani zake naziamini, maana hakulazimishwa.

Kwa hiyo nina ombi kwa wachungaji na wazee wa kanisa wanaopanga ratiba. Chagueni Jumapili moja katika mwezi, muwaite mbele watu wasio na tukio lolote: mjane aliyelala na kuamka, kijana ambaye bado anatafuta kazi, dada wa miaka 41 aliyemaliza mwaka salama na kutembelewa alipougua. Waseme wanashukuru kwa ajili ya nani, kwa majina, kama Warumi 16. Wapewe muda uleule wanaopewa maharusi, na ndugu watoke kwenye viti kuwasindikiza. Na atakapomaliza kushuhudia dada yule, mwenye kipaza sauti asiongeze kwamba mwaka ujao tutamwona na mwenzake. Aseme amina, sadaka ipokelewe, kwaya iendelee.