Skrini Hizo Zianzie Kwenye Milango ya Wizara

Wapo wanaotushauri tuweke skrini shirikishi katika stendi na masoko, ili wananchi waelimishwe kubana matumizi ya umeme. Teknolojia hiyo siipingi. Ninachopinga ni upande inakoelekezwa.

Mfano bora niujuao ni wa Helsinki. Februari 2008, wasanii Helen Evans na Heiko Hansen walimulika kwa leza ya kijani wingu lililotoka katika bomba la kituo cha Salmisaari, kilichokuwa kikichoma makaa ya mawe. Kamera ya joto ilifuatilia umbo la wingu, na kompyuta ikapokea takwimu za umeme wa mtaa ule. Wakazi walipozima vifaa vyao, mchoro wa kijani ulitanuka angani. Kazi nzuri mno! Hata hivyo, aliyeombwa abadilike alikuwa mpangaji, si mwenye bomba. Mwenye bomba alibanwa na sheria: mwaka 2019 Bunge la Finland lilipiga marufuku nishati ya makaa kuanzia Mei 2029.

Hapa Tanzania, mpangaji wa chumba kimoja hahitaji somo hilo. Anabonyeza mita ya LUKU, anaona yuniti zilizobaki, anachomoa pasi. Hakuna teknolojia shirikishi kali kuliko ile ambayo jibu lake ni giza. Asiyejua anatumia kiasi gani ni yule asiyelipa kwa mfuko wake: ofisi ya umma ambamo kiyoyozi hunguruma Jumamosi bila mtu, na (tusijifiche) kumbi zetu za mihadhara zenye taa zinazowaka saa sita mchana.

Tangu 2008, England na Wales zimeyalazimisha majengo makubwa ya umma kubandika mahali pa wazi cheti cha matumizi yao halisi ya nishati, kwa daraja A hadi G. Ni karatasi tu. Sisi tuifanye iwe hai: skrini mlangoni pa kila wizara, halmashauri na chuo kikuu, ikionyesha umeme uliotumika leo na thamani yake kwa shilingi, pamoja na kitufe cha mwananchi kuripoti taa iliyosahauliwa na cheo cha anayepaswa kujibu.

Nitaambiwa fedha hazipo. Za skrini za stendi zilikuwa zitoke wapi?

Ndugu watumishi wa umma, bili ya jengo lenu iko kwa mhasibu. Iombeni, kisha mwulizeni mkuu wenu kwa nini isibandikwe mapokezi.